Yule Mfupi Nyuma ya Dirisha la Dada Yangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kampuni ya umeme wa upepo, uliyekuja na gari linalong'aa kuliko bati jipya la zahanati. Mwalimu Mkuu, mwenye ukumbi huu na viti hivi vinavyouma makalio. Kinyozi wetu, mwenyekiti wa Kamati ya Kupinga Mitambo, kamati ambayo siku hizi haina cha kupinga na inateseka. Mhandisi, mwanangu, unayeagwa leo. Dada yangu, fundi cherehani, uliyeniambia nisikutaje. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi ndugu msioalikwa ambao mmewahi viti vya mbele: nawasalimu wote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili, kwa sababu ndiye atakayebaki kukunja viti.

Mshereheshaji amenong'ona kwamba nina dakika tano. Nimemjibu kwamba nimesikia. Sikumjibu kwamba nimekubali.

Kwa mgeni asiyenifahamu, mimi ni dobi, na udobi huu una miaka arobaini na mitatu. Nimefua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, vitambaa vya meza vya ukumbi huu, na wengi wenu mnaonitazama kwa heshima leo nimewafulia nguo ambazo mbele za watu sitazitaja. Shule sikuwahi kukanyaga mpaka leo hii, na nimeingia kwa mlango wa mbele. Lakini upepo naujua. Mtu anayeanika mashuka sitini kwa siku, upepo ni mwenzake kazini: anajua unafika saa ngapi, unachelewa lini, na siku gani umeamka na hasira. Upepo unaotoka mgongoni mwa kilima unakuja umenyooka. Ukifika kwenye nyumba zetu unagonga kuta, unajikunja, unarudi ulikotoka, na unanibandika shuka la maji usoni. Hili nalisema mapema kwa sababu miaka mitatu iliyopita walikuja hapa watu wenye kofia ngumu kutufundisha habari za upepo, na hakuna hata mmoja aliyepita kwenye kamba zangu kuuliza.

Walikuja na picha. Kubwa, imewekwa karibu na zahanati. Ndani yake kuna majani mabichi, kuna mitambo tisa mirefu imejipanga kando ya barabara kama inasubiri mgeni rasmi, na kuna familia inacheka bila sababu. Nikasogea kuitafuta nyumba yetu. Haikuwemo. Nikatafuta kamba zangu za nguo. Hazikuwemo. Nikamuuliza bwana mmoja wa kofia, "Sisi tuko wapi hapa?" Akasema, "Mama, hii ni picha ya mfano tu." Nikamwambia, "Basi nendeni mkawaombe ruhusa hao watu wa mfano."

Tukakataa. Na leo, kwa kuwa ni siku ya kuagana, niseme wazi jambo tulilokuwa tunalizunguka kwenye mikutano yote ile: je, tulikataa kwa sababu tulikuwa tunaijua mitambo? Hapana. Tulikataa kwa sababu tuliambiwa, hatukuulizwa. Lakini mtu mzima anaona aibu kusimama na kusema, "Nimeumia kwa sababu hamkuniuliza," kwa hiyo kila mmoja wetu akajitafutia sababu ya kuonekana ya maana. Kinyozi akasema mitambo itakausha maziwa ya ng'ombe, naye ng'ombe anamwona kwenye kalenda. Mwingine akasema itatawanya mawingu. Mimi nilisimama nikasema itanijazia vumbi kwenye nguo, na wakati naongopa hivyo, nguo zenyewe zilikuwa zinakauka vizuri nyuma yangu.

Ndipo Kinyozi akaja na hoja iliyotumaliza. Aliitoa kwenye kibanda chake, wembe mkononi, kichwa cha Mwalimu Mkuu kikiwa kimenyolewa nusu. Alisema, "Ndugu zangu, tatizo ni urefu. Kitu kirefu kinaonekana. Tudai mifupi." Tukapiga makofi. Kinyozi mwenyewe mnamwona pale, kimo chake ni hicho, na tangu azaliwe hakuna siku aliyoacha kuonekana wala kusikika, lakini nani kati yetu aliyelifikiria hilo siku ile? Unacheka nini, Kinyozi? Nawe ulipiga makofi, tena wembe ukiwa mkononi.

Mwalimu Mkuu akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri: hatutaki mirefu, tunataka mifupi, vinginevyo hatutaki kabisa. Mimi nikaweka dole gumba juu ya majina yote, nikalibonyeza mpaka wino ukatapakaa. Nilijisikia mkubwa sana siku ile. Nilirudi nyumbani sijalinawa dole.

Na kampuni, jamani, ikakubali. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Mheshimiwa Mkurugenzi, usishike simu sasa, haijaita. Wewe mwenyewe ulikuja kuzungumza na simu yako nyuma ya kamba zangu, ukasema, "Wapeni wanachotaka, wataona wenyewe." Ulidhani upo peke yako. Mimi nilikuwa upande wa pili wa shuka.

Wakatuletea mmoja wa majaribio, na baada yake wangekuja wenzake ishirini na tisa, maana mfupi anazalisha kidogo, kwa hiyo lazima wawe wengi. Hilo halikuwa kwenye barua yetu. Tena mfupi ukimpeleka mgongoni mwa kilima, miti inamkatia upepo, kwa hiyo lazima akae uwandani, yaani nyuma ya nyumba zetu. Nalo halikuwa kwenye barua yetu. Wakamsimamisha hatua themanini kutoka kwenye dirisha la dada yangu. Nimezipima mwenyewe, kila hatua kumi nikihamisha kibanio kimoja cha nguo kutoka mfuko huu kwenda huu. Mnara wake ni wa vyuma vilivyoungwa huku na huku, kama ngazi mbili zinazogombana. Mbawa zake ni mbili. Na juu ya yote hayo kuna jina la kampuni, limeandikwa kwa rangi ya njano, kwa herufi ambazo hata mimi nisiyesoma naona zinajisifu.

Akaanza kuzunguka. Siku ya kwanza tulicheka. Alikuwa anazunguka kama mtu aliyeingiwa na nyuki kwenye shati. Mwenye mbawa mbili, jicho linamwona, halimwoni, linamwona, halimwoni, linabaki linamngoja. Huwezi kumtazama na huwezi kuacha kumtazama. Upepo wetu uliovunjika ukimfikia anashtuka, anasita, anageuka huku na huku, halafu anakimbia tena. Na vile vyuma vyake vinapiga mluzi. Siku ya pili hatukucheka. Siku ya tatu Kinyozi akamkata mteja sikio, kidogo tu, akasema ni mluzi.

Nani aliyetwambia kwamba kitu kifupi hakisumbui? Tulijiambia sisi. Nani aliyetangulia kutia dole gumba? Huyu mnayemtazama.

Sasa, Dada, kaa. Nimekuona unataka kutoka. Nilikuahidi sitakutaja kwa jina, na jina sijalitaja.

Dada yangu ni fundi cherehani, na dirisha lake ndilo taa yake. Asubuhi chumba chake ni kizito, anakatia nguo tu. Alasiri jua linapozunguka upande wa dirisha, mwanga unaingia sawasawa mpaka kwenye sindano, na hapo ndipo dada yangu anashona vile anavyojua yeye kushona: matundu ya vifungo ambayo unaweza kuyavaa kwa nje na kwa ndani. Tangu yule mfupi asimamishwe, ikifika saa tisa jua linashuka nyuma yake, na kivuli cha zile mbawa kinaingia dirishani na kukata sindano. Kinakata, kinaachia, kinakata, kinaachia. Nilijaribu kukihesabu kwa vibanio, vikaniishia kabla sijavuta pumzi mara mbili. Mhandisi alikuja baadaye akakihesabu kwa saa: mara mia moja na ishirini kwa dakika. Wewe uliyekaa pale unajipepea, mtu akikuzimia na kukuwashia taa mara mia moja na ishirini kwa dakika, utaweza hata kupata mlango wa mfuko wako?

Mwalimu Mkuu hakuupata. Suruali yake ya kazi ilitoka kwa dada yangu na mfuko wa kulia umeshonwa ukafungwa pande zote. Mwalimu Mkuu aliivaa muhula mzima, chaki akaishika mkononi, hakusema neno. Baba, nilikuwa nakuona, na nguo zako nilikuwa nazifua bila kukutoza, hukujua ni kwa nini. Ndiyo hivyo.

Kampuni ikatuma pazia. Naomba mlitafakari hilo kidogo. Fundi amelalamika kwamba anakosa mwanga, naye ameletewa pazia. Siku nikilalamika kwamba sina maji, nadhani nitaletewa kifuniko cha kisima.

Na dada yangu, ambaye kiburi chake mnakijua, akawa anasema, "Mdogo wangu, nimeshona na watoto wako sita wakilia kwenye chumba kimoja, nitashindwa na kivuli?" Nikamwambia, "Watoto walikuwa wanalala wakishiba." Alikuwa ananyonya kidole alichochomwa na sindano.

Hapo ndipo Mhandisi alipoingia kwenye maisha yetu. Mwanangu, naona unainamisha kichwa, unajua nitasema nini. Kampuni ilimleta kuchukua nafasi ya yule wa kwanza, ambaye alikuwa ameanza kupita barabara ya nyuma. Mimi nilimpokea kwa ndoo ya maji ya sabuni. Nililenga buti. Upepo ukayachukua maji, ukayakunja, ukampiga nayo kifuani. Nikangoja matusi, nikiwa na yangu tayari. Akajifuta macho, akatazama kamba zangu, akatazama maji yalipoangukia, akasema taratibu kabisa, "Bibi, upepo wa hapa umevunjika."

Nikaiweka ndoo chini. Nikamwambia, "Miaka yote hii nangoja mtu mwenye kofia alijue hilo."

Akaniuliza, "Nguo zinakauka wapi zikiwa zimenyooka?" Naomba msikie swali hilo. Walipita wenye vyombo vya kupimia, wenye kompyuta, wenye ile picha ya familia inayocheka, na yeye akauliza nguo zinakauka wapi. Nikampeleka mgongoni mwa kilima, kule nilikokuwa naanika mablanketi ya zahanati kabla kisima hakijahamishwa. Akasimama pale, shati lake likajaa upepo upande mmoja na halikutikisika. Mimi nikaona leo nimempata mwenzangu.

Halafu akafanya jambo ambalo hakutumwa. Alikwenda kwa dada yangu, akaomba kukaa kwenye kiti chake cha kushonea saa tisa alasiri. Siku ya kwanza alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akashindwa. Siku ya pili akatoka macho mekundu. Siku ya tatu akaniita nje akasema, "Bibi, barua yenu nimeisoma. Mlidai mifupi. Mlikosea." Nikasema, "Najua." Akasema, "Na sisi tulijua kwamba mnakosea, tukanyamaza." Mtu wa kampuni, tena mwenye mshahara na mke na watoto, anasimama kwenye matope yangu ya sabuni na kuniambia hivyo. Mheshimiwa Mkurugenzi, nimekaa nimesikiliza hotuba yako nzuri, umesifu bidii yake, umesifu nidhamu yake, umesifu mpaka kofia yake. Hilo hukulisifu. Ndiyo maana nimesimama mimi.

Akachora upya. Mitano tu badala ya thelathini, tena mirefu kuliko hata ile tuliyoikataa mwanzo, yote kule mgongoni mwa kilima. Alinieleza kwa lugha ya binadamu: mrefu mwenye mbawa ndefu haendi mbio, anatembea, mbawa tatu zinapokezana, jicho linatulia, nguzo moja ya mviringo haipigi mluzi, rangi yake iwe ya wingu lililochoka, na kule aliko kivuli chake kinaishia kwenye mawe. Nikauliza, "Na jina la kampuni?" Akasema, "Hapana jina." Hapo nikajua kwamba atapata taabu kazini.

Lakini mwenye taabu wa kwanza nilikuwa mimi. Kwa sababu nani angewaambia ninyi? Mlikuwa na barua, na barua ina dole langu. Ikabidi nisimame kwenye mkutano na kulamba matapishi yangu mbele ya mji mzima. Kinyozi, simama kidogo uwasaidie kukumbuka, au basi, kaa, hakuna tofauti kubwa. Kinyozi aliniuliza, "Bibi Dobi, juzi ulisema kitu kirefu kitakujazia vumbi kwenye nguo. Leo unataka kirefu zaidi?" Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Dole lako liko kwenye barua." Nikasema, "Dole ni langu, nimekuja kulichukua."

Hamkucheka siku ile. Mlinong'ona kwamba nimehongwa katoni ya sabuni. Akina mama watatu walikuja kuchukua nguo zao zikiwa bado mbichi, wakaondoka nazo zinachuruzika njia nzima. Mmoja wenu yuko safu ya pili amevaa gauni la bluu, na gauni lenyewe nimelipiga pasi mimi jana, kwa hiyo mnaona kwamba kinyongo sina. Lakini siku ile niliumia. Wala sikuumia kwa sababu mlinibishia. Niliumia kwa sababu mlidhani bei yangu ni sabuni.

Mhandisi hakuwabishia. Alileta puto kubwa jeupe na kamba ya urefu ule ule wa mtambo, akaniomba shuka jekundu, akalifunga kwenye puto, akalipandisha kule kilimani. Akasema kila mtu asimame mlangoni kwake, au pale anapofanyia kazi, aseme anaona nini. Wengi mliona kijitambaa chekundu kwa mbali. Wengine hamkuona kitu, mkakasirika kwa kukosa cha kukasirikia. Kinyozi alitoka mlangoni mwa kibanda chake, hakuona. Akazunguka nyuma, hakuona. Akapanda juu ya bati, akashika antena, akasimama kwa vidole, akapaza sauti kwamba ameliona. Nikamwambia, "Sawa. Siku utakapoanza kunyoa watu juu ya paa, njoo ulalamike."

Hapo ndipo mlipocheka. Na mtu aliyeanza kucheka ndiye aliyeanza kunyoosha mkono wa kukubali.

Leo mitano ile ina miezi mitatu inazunguka. Sisemi kwamba ni mizuri. Wapo wasioipenda mpaka sasa, wanafunga madirisha ya upande ule, na hiyo ni haki yao. Uso wa kilima ulikuwa wetu sote. Mimi nikiamka naitazama imeelekea wapi, najua nianike kamba ya juu au ya chini. Tumekwenda nayo hivyo, kama majirani.

Sasa nafika kwenye jambo lililonitoa nyumbani. Mheshimiwa Mkurugenzi, umetuambia kwamba Mhandisi anahamishwa ili akuze ujuzi wake. Tumeuliza anahamishiwa wapi. Stoo ya vipuri. Mtu aliyetuliza mji uliokushinda wewe kwa miaka miwili, anakwenda kukuza ujuzi wake katikati ya maboksi ya bolti. Hilo ni la kampuni yenu, sina uwezo nalo, nimelisema tu ili lisipite kimya.

Lakini lipo nililo na uwezo nalo. Yule mfupi bado amesimama.

Bado anazunguka, ndugu zangu. Wale ishirini na tisa hawakuja, mitano ya kilimani imekuja, na yeye amebaki pale nyuma ya dirisha. Anaitwa mtambo wa maonyesho. Yuko karibu na lami, wageni wa kampuni wanashuka kwenye gari, wanapiga naye picha na lile jina la njano, wanaondoka viatu vikiwa safi. Mhandisi alimwahidi dada yangu, kwa mdomo wake, akiwa kwenye kile kiti, kwamba hataondoka mjini kabla hajamshusha. Ameandika barua nne ofisini. Mwalimu Mkuu amenisomea majibu yote manne, na yote yanasema ahsante kwa barua yako.

Jumapili alikuja kwetu kuomba radhi. Chai ikapoa mbele yake. Dada yangu akamwambia, "Usijisumbue, mwanangu. Mimi mwenyewe ni wa kuondoka." Nikadhani ni maneno ya kumfariji. Jumatatu nimeingia chumbani kwake, nimeikuta cherehani imeondolewa kwenye meza yake, imefungwa kwa shuka, na kamba juu. Anakwenda kuishi kwa mwanawe wa kwanza, safari ya siku mbili. Hakuniambia. Alikuwa anangoja nimalize kufua mashuka ya leo, asiniharibie kazi.

Huyu ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na minne, akaacha shule ili anishike mkono, na hela ya kunipeleka mimi haikuwepo, tukabaki wajinga wawili kwa pamoja. Tumeolewa mtaa mmoja, tumefiwa na waume mwaka mmoja, tunaishi nyumba moja yenye milango miwili. Nguo ikichanika mikononi mwangu napitisha dirishani, naye anairudisha imeshonwa kabla mwenye nguo hajajua. Nusu ya sifa mnayonipa mimi ni sindano yake. Mheshimiwa, mimi nina miaka sabini na mmoja. Dada mwingine nitampata wapi? Stoo ya vipuri wanaye?

Nakuomba jambo moja, na nakuomba hapa mbele za watu kwa sababu barua unazijua kuzijibu. Yule mfupi ashushwe. Ninataka siku.

Unasema nini? Mshereheshaji, mpelekee maikrofoni, asijisumbue kupaza sauti.

Mmesikia? Anasema suala hilo liko kwenye mchakato. Vizuri sana, baba. Mchakato unaangukia siku gani ya wiki?

Hapana, usikae. Na ninyi msigeuke kutazama mlango wa jikoni. Chakula kimeiva, nimekionja, lakini mpishi ni mjukuu wangu, na hakitoki mpaka nikae. Mimi sina haraka. Nguo zangu zimekwisha kukauka.

Tunangoja.

Alhamisi. Sema tena, kuna mtu nyuma amekohoa. Alhamisi hii, asubuhi, winchi itakuja. Mwalimu Mkuu, andika. Kinyozi, wewe huhitaji kuandika, kabla ya jioni utakuwa umewaambia wote. Na nani atasimamia kazi hiyo? Sema jina la kazi yake, Mheshimiwa, yuko pembeni yako. Mhandisi. Basi Mhandisi haondoki kesho. Anaondoka Ijumaa, akiwa ametimiza neno lake, na huko stoo ataingia akiwa mtu mzima, siyo mdeni.

Na kwa kuwa sasa hivi inakaribia saa tisa: breki ya yule mfupi inafungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko mfukoni mwa Mhandisi. Mheshimiwa, mruhusu. Umeitikia kwa kichwa, nimekuona, na safu nzima imekuona. Nenda, mwanangu, sahani yako nitaifunika.

Tungoje kidogo kusikia.

Mluzi umekoma. Mnasikia? Kumbe ukumbi huu una ndege juu ya bati.

Dada, mimi nimeapa kutokukutaja na nimekutaja mpaka nimechoka, utanigombeza nyumbani, na nitafurahi kugombezwa. Ila kabla hujanigombeza, fungua lile shuka ulilofungia cherehani. Ni la nyumba ya wageni, linatakiwa kesho.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunikopesha masikio yenu muda mrefu kuliko nilioombwa. Mjukuu wangu, pakua.